Mtutu, Kiwambo na Sikio



Katika mwaka wa 1884, mjini London, Mmarekani mmoja aliyelowea Uingereza, jina lake Hiram Stevens Maxim, alikamilisha bunduki ambayo, maadamu kidole kimekikalia kifyatulio chake, hujishindilia na kujifyatua yenyewe risasi baada ya risasi, kiasi cha 600 kwa dakika moja. Bunduki hiyo haikukawia kufika katika nchi zetu, kwani Henry Stanley alikuja nayo moja mwaka wa 1887 katika safari yake ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, na mwezi wa Agosti 1905 ni bunduki za rashasha zilizowafyeka wapiganaji wa Maji Maji mbele ya boma la Mahenge. Misiba hiyo inastahili mazungumzo yake yenyewe, wala haifai kupitiwa juu juu. Jioni hii nataka kumtazama yule aliyeiunda bunduki, ambaye kwa miaka mingi alisimama ubavuni mwake akiijaribu, akiirekebisha na kuionyesha mbele ya wafalme na majemadari, na ambaye alipofika uzeeni, pamoja na mali yote na cheo cha Sir alichopewa na Waingereza, alikuwa kiziwi, masikio yake yameharibiwa na mlio wa kazi ya mikono yake.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, aliyekuwa mhandisi huko Hartford katika jimbo la Connecticut, ndiye aliyepata hataza mwezi wa Machi 1909 ya chombo cha kufungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kuupunguza mlio, chombo ambacho wasomaji wa hadithi za kijasusi wanakijua kwa jina la kiwambo cha kuzuia sauti. Mwezi uliofuata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na shehena ya bunduki, akawinda pamoja na mwanawe mpaka wakaua wanyama zaidi ya 500. Na wenyeji waliowabebea bunduki walikuwa wakisimama hatua chache tu kutoka penye mtutu. Majina ya bunduki zile yameandikwa vitabuni pamoja na kipenyo cha kila moja, lakini masikio ya wale wabebaji hayakumshughulisha mtu, wala sioni kwamba tangu siku hizo tumebadilika sana katika jambo hili. Askari wa wanyamapori, polisi katika uwanja wa shabaha, mlinzi wa benki anapopelekwa kufanya mazoezi, mgambo, mkulima anayelinda shamba lake kwa gobore, na ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya ambao hulenga shabaha kwa mchezo au huenda kuwinda paa msimu ukifika, wote hao hufundishwa kwa makini jinsi ya kuishika bunduki, kuisafisha na kuihifadhi, na wengi wao hawafundishwi hata kwa dakika tano namna ya kuyahifadhi masikio yao.

Ili tuelewane, ni lazima kwanza tukijue kipimo cha sauti, ambacho ni desibeli, kwa kuwa ni kipimo kinachowahadaa wengi. Mtu akisikia kwamba mazungumzo ya watu wawili barazani ni kiasi cha desibeli 60, na mlio wa bunduki ni 160, atadhani kwamba bunduki inayashinda mazungumzo mara tatu kasoro kidogo; kumbe kila zikiongezeka desibeli 10 nguvu ya sauti huzidi mara kumi, zikiongezeka 20 huzidi mara mia, na zikiongezeka 30 mara elfu, kwa hiyo tofauti baina ya barazani na penye mtutu haihesabiki kwa vidole. Wataalamu wa siha kazini wanashauri kwamba mtu asikae penye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila kelele ikipanda kwa desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Ama kwa mlio wa ghafula, kama vile wa baruti, hapo hapana tena hesabu ya saa, kwani mpaka uliowekwa ni desibeli 140, na juu ya mpaka huo mshindo mmoja, wa sehemu ndogo mno ya sekunde, unaweza kulitia sikio dhara lisiloondoka. Bunduki ndogo kabisa ya kipenyo cha .22, ambayo watoto hufundishiwa kulenga, huukaribia mpaka huo au kuufikia. Bastola, bunduki ya marisau na rifle ya kuwindia huuruka zote, kwani milio yake aghalabu ni baina ya desibeli 150 na 170.

Sasa tukirudi kwenye kiwambo, naona tashwishi kubwa imeingizwa vichwani mwa watu na sinema, ambamo muuaji hukifunga kwenye bastola yake, akafyatua, na mtu aliye chumba cha pili akaendelea kunywa chai yake bila ya kusikia lolote. Mambo hayako hivyo. Bunduki inapolia huwa inatoa sauti tatu kwa pamoja, na mwenye kutaka kuyahifadhi masikio yake ni vyema azitenganishe. Ya kwanza ni mshindo wa gesi: baruti ikishika moto ndani ya chumba cha risasi hugeuka gesi yenye joto na shinikizo kubwa, ikaisukuma risasi mtutuni, na risasi inapotoka tu gesi ile nayo hupasuka nje kwa ghafula ikaupiga upepo. Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe inapokwenda kwa kasi kuishinda sauti. Kwani sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, ilhali risasi ya rifle ya kuwindia aghalabu huenda mita 800 au 900, na kila kitu kiipitacho sauti huburuta nyuma yake wimbi linalochapa kama mjeledi njia nzima. Ya tatu, ambayo ni hafifu, ni kugongana kwa vyuma vya bunduki inapojifungua na kujifunga.

Kiwambo hufanya kazi yake juu ya ile ya kwanza tu. Ndani ya mwili wake wa chuma mna vyumba vilivyogawanywa kwa visahani vilivyotobolewa katikati, risasi ikapita matunduni bila ya kugusa, na gesi inayoifuata ikatawanyika chumba hadi chumba, ikazunguka, ikapoa na kupoteza shinikizo, hata inapotoka nje inakuwa imekwisha vunjika nguvu. Ni kanuni ile ile inayotumika katika bomba la moshi la gari, na kampuni ya Maxim iliishia kuacha viwambo vya bunduki na kuunda vya mashine na injini. Kiwambo kizuri huondoa desibeli 20, na kinapokuwa kikubwa na kuifaa bunduki yake hufika 30 na kuzidi kidogo. Hebu tufanye hesabu pamoja: rifle iliyokuwa ikilia kwa desibeli 165, ikipunguziwa 30, inabaki na 135, maana yake ni kwamba katika kila sehemu elfu za nguvu ya mshindo ule sehemu 999 zimeondolewa, nayo ni kazi ya kustaajabisha, hata hivyo sehemu moja iliyobaki ingali imekaa mlangoni mwa mpaka wa hatari, na mpasuko wa risasi angani haukuguswa kabisa. Zipo risasi maalumu zinazotiwa baruti kidogo ili zisiipite kasi ya sauti, na hizo zikitumiwa pamoja na kiwambo katika bunduki ndogo ya .22 mlio huwa mdogo kwa kweli, lakini kwa bunduki nyingine zote neno langu ni moja: kiwambo kinapunguza, hakinyamazishi, na aliyenacho asidhani kwamba amesamehewa kuvaa vizibo vya masikio.

Wala nisije nikakidhulumu, kwani kina fadhila ambayo kizibo hakina. Kizibo humlinda aliyekivaa peke yake. Kiwambo huupunguza mshindo pale pale unapozaliwa, na kwa hiyo humfaa mpigaji, mwalimu aliyesimama nyuma yake, mbwa wa mwindaji, jirani mwenye shamba lililopakana na uwanja wa shabaha na mtoto mchanga wa jirani huyo. Kadhalika hupunguza teke la bunduki begani, na mwanafunzi asiyeogopa teke wala mshindo hajifunzi ile tabia mbaya ya kufumba macho na kustuka kabla risasi haijatoka. Kwa sababu hizi wawindaji wa Norwei na Finlandi hukitumia pasi na mtu kuwashuku, na kwao kuvifunga viwambo ni sehemu ya adabu kwa majirani.

Marekani, kilikozaliwa, kiwambo kilifungiwa mlango kwa sheria ya silaha ya mwaka 1934 iliyomtaka kila anayekinunua kukisajili na kulipa kodi ya dola 200, fedha nyingi mno kwa siku zile za dhiki, na kodi hiyo ilidumu bila ya kubadilika mpaka sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ilipoishusha hata sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ingawa usajili umebaki palepale na yapo majimbo ambayo hata sasa hayakiruhusu. Kwetu Afrika Mashariki mambo ni mazito zaidi. Sheria ya silaha ya Kenya hukihesabu kiambatisho cha kupunguza mlio kuwa ni silaha kama bunduki yenyewe, na siilaumu, kwa maana majangili wa vifaru wamekwisha kamatwa na bunduki zilizofungwa viwambo, na askari wa mbuga asiyeusikia mlio hajui aelekee upande gani. Sitetei viwambo viuzwe madukani kwetu. Ila naona kwamba vikosi vyenye idhini, hasa vyuo wanakofundishwa askari wapya mamia kwa mamia, vingeweza kuvitumia viwanjani chini ya ulinzi wao wenyewe, na vingewapunguzia walimu wa shabaha, ambao husikia kwa siku moja milio mingi kuliko askari mwingine kwa mwaka mzima, dhara wanalolibeba hata baada ya kustaafu.

Na dhara lenyewe ni la namna gani? Sauti ikiingia sikioni huitikisa ngoma ya sikio, ngoma ikavitikisa vifupa vitatu vidogo, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku kikausukuma umajimaji uliomo katika koklea, kile kijungu kilichojisokota kama konokono; na humo ndimo mlimo chembe hai zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo hutikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Jicho limepewa kope, sikio halikupewa. Upo msuli mdogo unaokivuta kikuku ili kupunguza mtikisiko kelele inapozidi, lakini msuli huo huchelewa, na mshindo wa bunduki huwa umekwisha ingia na kufanya ufanyalo kabla msuli haujajikaza. Vinyweleo vile vikipigwa na sauti kubwa huwa kama mpunga uliopigwa na upepo wa kusi: upepo ukiwa wa kadiri, mabua hulala kisha yakainuka, ndiyo maana baada ya siku ya shabaha mtu huhisi masikio yamezibika na yanavuma, akalala, akaamka yamezibuka, akasema si kitu, lakini upepo ukiwa mkali, au ukirudi kila wiki, mabua huvunjika shinani. Ndege amejaliwa kuziotesha upya chembe zake zilizokufa, jambo ambalo wataalamu walilithibitisha kwa kuku katika miaka ya 1980, na tangu hapo wamekuwa wakitafuta namna ya kumpatia binadamu neema hiyo. Hawajaipata. Chembe ya mwanadamu ikifa imekufa, na chombo cha kusaidia kusikia huikuza sauti tu, hakiwezi kuirudisha chembe.

Uharibifu huu una mwendo wake maalumu. Huanza katika sauti nyembamba za juu, hasa kando ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, wala hauanzi katika sauti nene. Kwa hiyo mtu anayesikia ngoma, ngurumo na injini ya lori hushawishika kwamba masikio yake ni salama. Zinazotoweka kwanza ni konsonanti za pumzi, s, f, sh, t, ilhali irabu hubaki zikisikika vizuri, na hapo ndipo mgonjwa anapokuwa na neno lake la siku zote: nasikia, ila sielewi. Wengi wetu tunamjua mzee wa namna hii, aliyetumikia bunduki ujanani. Mtazame sokoni anapouliza bei ya fungu la dagaa, muuzaji akamjibu sita. Sita na tisa ni maneno yenye irabu zile zile na konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi tu, na kwake yeye konsonanti hizo hazipo, kwa hiyo anachopata ni i na a. Anatoa tisa, muuzaji anamrudishia tatu, naye hajui kwa nini anarudishiwa. Mara ya pili anauliza tena kwa sauti kubwa, muuzaji naye anapaza, na watu wanageuka kutazama. Mara ya tatu anamtuma mjukuu, na baada ya mwaka mmoja haendi tena sokoni, wala harambee, wala barazani panapozungumzwa, kwa kuwa mazungumzo ya watu watatu wanne yanamchosha kama kazi ya jembe. Na nyumbani watu wanasema mzee siku hizi amekuwa mkali, hataki watu. Usiku naye ana kelele yake ya ndani, ule mvumo kama wa nyenje usiokoma, ambao katika Marekani ndio ulemavu unaoongoza kwa idadi miongoni mwa wanajeshi wastaafu wanaolipwa fidia na serikali yao.

Jambo moja tena, ambalo matabibu hulitambua mara tu wanapoitazama karatasi ya vipimo: mpigaji wa mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto. Anapokiweka kitako cha bunduki begani na kuinamisha shavu, sikio la kulia hujificha kivulini mwa kichwa, na la kushoto huelekea mbele, upande wa mdomo wa mtutu, likapokea mshindo mzima.

Basi kinga ya kila mtu, ya kila nchi, isiyohitaji kibali cha serikali, ni vizibo na vifuniko vya masikio. Kizibo cha sponji, ambacho kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1960, huandikwa kwenye pakiti yake kwamba hupunguza hata desibeli 33, na huuzwa kwa bei ndogo kuliko risasi nyingi. Lakini nambari hiyo ni ya maabara, na kizibo kilichochomekwa vibaya hakitoi hata nusu yake. Nimewaona watu wakikishika kwa ncha za vidole, wakakibonyeza mlangoni mwa sikio kama anayeziba chupa, kikabaki kimechungulia nje zaidi ya nusu, wakaridhika. Njia yake ni hii. Nawa mikono. Kiviringe kizibo baina ya kidole gumba na cha shahada, polepole na kwa kukaza, mpaka kiwe chembamba kama kijiti na kisiwe na mkunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ulishike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma, kwa kuwa njia ya sikio imepinda na kuvutwa huko ndiko kunakoinyoosha. Kiingize upesi kabla hakijafura, kisha kishikilie hapo kwa ncha ya kidole kwa muda wa sekunde 20 au 30, ukihesabu, mpaka kifure na kuzijaza kuta za sikio. Ukimaliza, sema neno kwa sauti: ukijisikia unavuma kichwani kana kwamba umo ndani ya mtungi, kimekaa, na mtu akikutazama uso kwa uso asikione kimejitokeza.

Pamba haifai, hata ikilowekwa mafuta, kwani sauti huipenya. Maganda matupu ya risasi, ambayo wapo wanaoyachomeka masikioni, ni hatari, maana ganda halikushika umbo la sikio na mdomo wake unaweza kukwaruza. Vidole hufaa kwa mtazamaji, lakini mpigaji hana kidole cha ziada. Vifuniko vya nje, vile vikombe viwili vilivyounganishwa kwa upinde wa kichwani, ni rahisi kuvaa na ni vyema kwa watoto na kwa mwenye haraka, illa sharti vikae juu ya ngozi tupu: mikono ya miwani hufungua upenyo, kofia iliyoshuka masikioni hufungua, kilemba na mtandio vilevile, kwa hiyo mwanamke anayejifunika na avae vizibo kwanza ndani ya mtandio wake, kisha akitaka vifuniko avipitishe chini ya kitambaa. Vipo pia vifuniko vyenye vipaza sauti vidogo, ambavyo humpa mvaaji sauti za maneno kama kawaida na kukata papo hapo mlio unapopita kiasi. Hivi ni ghali, lakini askari wa doria anayehitaji kusikia kijiti kikivunjika kichakani hana sababu ya kuvikataa ila bei, na bei hiyo ni wajibu wa mwajiri wake.

Kwa rifle kubwa, na kwa uwanja ulioezekwa bati au uliozungushiwa kuta za zege, ambako mshindo hurudi kutoka kila upande, vaa vyote viwili, vizibo ndani na vifuniko juu. Usidhani kwamba 33 na 25 zitajumlishwa zikawa 58; kinga ya pili huongeza kiasi cha desibeli 5 juu ya ile iliyo kubwa, na hata tukirundika vitu gani, ipo sauti inayopita katika mifupa ya fuvu na kulifikia sikio la ndani bila ya kupitia mlangoni. Ndiyo sababu kiwambo mtutuni na kizibo sikioni havishindani: cha kwanza huondoa kabla sauti haijasafiri, cha pili huzuia inapowasili, na mwenye kuruhusiwa vyote viwili ndiye aliyekingika kwa yakini. Kinyume cha kiwambo ni kile kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kuvunja teke, ambacho huigeuza gesi iende kando na nyuma. Kinamstarehesha mpigaji begani, na kinawapiga masikio walio kulia na kushoto kwake.

Kizibo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kizibo, kwa kuwa aliyekosa hujihadhari. Jeshi la Marekani lilinunua baina ya mwaka 2003 na 2015 kizibo chenye ncha mbili, upande mmoja wa kuzuia kelele zote, upande wa pili wa kuruhusu maneno na kuzuia mishindo. Baadaye serikali ikadai kwamba kizibo hicho kilikuwa kifupi mno kwa masikio ya baadhi ya watu, hata kikaweza kulegea bila ya mvaaji kuhisi, na kwamba waliokiuza walilijua hilo wasiliseme. Kampuni ya 3M, iliyokiuza, ikalipa dola milioni 9.1 mwaka 2018 bila ya kukiri kosa, na mwezi wa Agosti 2023, baada ya mashtaka ya mamia ya maelfu ya wanajeshi na wastaafu, ikakubali kutoa kiasi cha dola bilioni 6, vilevile bila ya kukiri. Fedha hizo ni nyingi, na hakuna hata mmoja kati ya walalamikaji hao aliyenunuliwa kwazo chembe moja ya sikio lake. Nawaomba maofisa wetu wa ununuzi, wanapoletewa vizibo vya jumla kwa ajili ya vikosi, wasiridhike na maandishi ya pakiti, bali wawavishe askari wachache wa masikio makubwa na madogo, wanaume kwa wanawake, wakatafune, wakimbie na kulala kifudifudi, kisha watazame kama vimebaki mahali pake.

Aidha, mwenye bunduki asijione peke yake. Katika uwindaji wa wageni hutokea mpigaji akaegemeza mtutu begani mwa mwelekezaji wa nyayo ili apate kutulia, na mdomo wa mtutu ukawa shubiri moja mbele ya sikio la yule mtu. Mgeni amevaa vifuniko vya thamani, na mwenyeji hana kitu. Tendo hilo lisiruhusiwe kwa hali yoyote, na atakayeajiri mwelekezaji amnunulie vizibo siku ile ile anayonunua risasi. Watoto wa askari nao wasikaribishwe ukingoni mwa uwanja kuokota maganda wakati watu wanapiga.

Na wewe unayenisikiliza sasa huku masikio yako yanavuma tangu mazoezi ya jana au juzi, usingoje. Usitie mafuta ya moto, wala maji ya kitunguu, wala kijiti cha pamba, kwani ulipoumia ni ndani kuliko dawa hizo zinakofika, na ngoma ikiwa imetoboka utajitilia maradhi. Ukae mbali na kelele, usirudi uwanjani, na kama kusikia kumepungua hakukurudi kufika kesho yake, nenda hospitali yenye tabibu wa masikio, pua na koo bila ya kupoteza siku nyingine, kwa sababu zipo dawa ambazo zikianzwa siku za mwanzo huenda zikaokoa kitu, na zikicheleweshwa hazina faida. Mwambie ulipiga bunduki ya namna gani, milio mingapi, ulikuwa umevaa nini na sikio lipi liliuma kwanza. Umwombe akupime usikivu kwa mashine, akupe nakala ya karatasi ya vipimo, uiweke pamoja na vyeti vyako vya kazi, na mwaka ujao upimwe tena, karatasi mbili zikalinganishwa.